Damu ya Kipimo

Kwa mdogo wangu, wa tumbo moja na titi moja,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na zikukute unapumua, unakula, na usingizi unakujia walau kidogo. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia wakati wa msiba usiiweke kabatini ikawa pambo, ipake. Kitindamimba naye hajambo? Kichwa kimepoa kabisa? Nijibu hilo la Kitindamimba hata kama mengine hutayajibu. Mimi ni mzima wa mwili. Nina miaka sabini na moja, napanda ngazi za maabara ghorofa mbili bila kushika ukuta, na vijana wa stoo wakishindwa kunyanyua mtungi wa gesi wananiita mimi. Nasema mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Aliyekupa bahasha hii ni binti yako mwenyewe, Msomi. Kabla hujapita mstari huu nakuomba jambo moja tu, na nakuomba kama kaka ambaye hakuwahi kukuomba kitu: mwache kwanza afanye kazi iliyomleta. Kitindamimba akunje mkono wa gauni, atolewe damu, achomwe chanjo, na vidonge atakavyopewa avimeze mbele ya macho yenu, hata kama haumwi popote, hata kama atanuna. Akinuna mwambie mjomba kasema. Hayo yakiisha, ingia chumbani kwako, fungua dirisha upate mwanga, usome peke yako. Usimpe mtu akusomee. Hati yangu unaijua, ni kama kuku kaparura jivu, lakini ni yangu. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na minane, kwa kusoma vibandiko vya vichupa, na barua hii nimeiandika siku tatu bila kusaidiwa na mtu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Unanijua. Kwenye simu ningeanza na utani, wewe ungecheka kidogo, na hicho kicheko ningekifanya njia ya kutorokea. Karatasi haicheki. Tena nilidhani Msomi angekueleza yeye, kwa kuwa ana maneno mazuri kuliko mimi, lakini amekataa. Kasema kila mtu abebe sanduku lake. Hilo la sanduku utalielewa mbele.

Nivumilie nikianzia mbali, kwenye mambo mengine unayoyajua. Mchimba kisima haanzi na maji, anaanza na udongo mkavu.

Miaka ishirini na tisa nilichimba visima. Mia mbili na kumi na vitatu, na hakuna hata kimoja kilichokauka, anayebisha akachungulie. Mgongo ulipogoma, Msomi akaniombea kazi kwenye maabara yake: kuosha vyombo vya kioo, kulisha kondoo watatu na kutunza friza. Watu walicheka kwamba mzee mzima ameajiriwa na mpwa wake. Niliwajibu kwamba afadhali mpwa mwenye akili kuliko bosi mgeni asiye nazo. Kondoo wale hawachinjwi. Wanatolewa damu kidogo shingoni kila baada ya wiki mbili kwa ajili ya vipimo, kisha wanarudi kula. Mmoja nimempa jina la Bi Mkubwa, maana hashikwi mpaka abembelezwe. Madaktari wenye digrii wanamkimbiza uwanja mzima, jasho linawatoka. Mimi nikimwita tu anakuja.

Kazi yenyewe ya Msomi nilimwambia siku ya kwanza kwamba sitaielewa. Akanijibu kwamba mimi ndiye nitakayeielewa kuliko wote, kwa sababu ni kazi ya visima. Na kweli. Ndani ya maji ya damu, yale ya manjano yanayobaki juu chembe nyekundu zikishatulia, mna protini ndogo ndogo zisizoonekana. Wenyewe wanaziita komplementi. Kijidudu kikiingia mwilini, moja inakishika na kuiita ya pili, ya pili inaiita ya tatu, hivyo hivyo, kama wachimbaji wanavyopokezana mabomba. Nyingine zinakipaka kijidudu kitu kama utomvu, ili chembe nyeupe zikidake kwa vikono vyake vinavyoitwa vipokezi. Za mwisho, kuanzia ya tano mpaka ya tisa, zinaungana kuwa bomba moja, zinatoboa ngozi ya kijidudu, maji yanaingia, kinapasuka. Ni kisima, mdogo wangu. Kisima kinachochimbwa kwenye ngozi ya adui. Nilipoambiwa hivyo nikasema hapo mmenikuta nyumbani.

Sasa kuna watu wanaozaliwa bila ile ya sita. Mabomba yapo, wa kuyaunga hayupo. Mtu wa namna hiyo mafua anapona, kidonda kinapona, anacheza mpira, anakua, humdhanii. Lakini kile kijidudu cha homa ya uti wa mgongo, ambacho dawa yake ni kutobolewa, kikimkuta kinamkuta kama nyumba isiyo na mlango. Siku tatu zinatosha.

Siku tatu unazijua. Uliwahesabia wanao wawili, wa kwanza akiwa na miaka kumi na minne, wa pili kumi na saba. Asubuhi kichwa, jioni shingo imekaza kama mti, siku ya tatu tunatafuta sanda. Shemeji zako wakasema tumbo lako ndilo lenye kasoro, na marehemu mumeo hakuwakanya. Msomi alikuwa chuoni wakati ule. Aliniambia siku moja, tunaosha vioo, kwamba yote aliyosoma baada ya hapo aliyasoma kwa hasira. Na alichokigundua kikariri, uwaambie hao mashemeji: kasoro hii haitoki kwa mama peke yake. Lazima baba na mama wote wawili wawe wameibeba, kila mmoja nusu, na wote wazima, hawajui. Hakuna tumbo baya. Aliipata kwenye familia nyingine kumi na moja. Ya kwenu alihisi tu, kwa sababu wale wawili walizikwa bila kupimwa. Yeye mwenyewe alishajipima, akajikuta mzima; walibaki Seremala na Kitindamimba, na ilikuwa lazima ajue, kwa sababu mwenye upungufu huu anaweza kukingwa. Anachanjwa, anapewa vidonge, anaishi mpaka ananizika mimi.

Kupima ni hivi. Kuna sahani ya plastiki yenye visima tisini na sita, kila kimoja kama tundu la kidole cha mtoto. Unatia chembe nyekundu za damu ya kondoo, unatia maji ya damu ya mtu. Yakiwa na kikosi kamili, chembe za kondoo zinatobolewa zote na kisima kinabaki chekundu angavu, unaona mpaka chini. Yakiwa na upungufu, chembe zinazama salama na kutulia chini kama kifungo cha shati. Mtoto anaweza kusoma. Ila lazima uwe na damu ya kulinganishia, ya mtu mzima kabisa, ndiyo uite mia kwa mia. Walijaribu watu tisa, wakiwemo vijana wanaonyanyua vyuma. Unajua ni nani aliyewashinda wote? Mimi. Miaka sita sasa damu ya kipimo katika maabara ile ni damu ya kaka yako. Vichupa vyangu vilijaa rafu nzima ya friza, na kila mgeni aliyekuja nilimwonyesha, nikamwambia hapo unaona mia, wengine wote ni sehemu yangu. Nilikuandikia wakati ule, ukanijibu nisije nikapasuka.

Nimefika kwenye mwaka jana. Msomi alikuwa hawezi kuondoka kwa sababu ya wakaguzi, akanituma mimi nije kwako kuchukua damu ya wanao wawili. Alinikabidhi sanduku lenye barafu kavu, ile nyeupe inayofuka moshi bila kulowa, na akanirudia mara tatu kama mtoto: komplementi hazipendi joto. Zikiganda zinaishi, zikipata joto zinakufa, na zikishakufa kila damu inaonekana pungufu, hata ya simba. Nilimwambia mimi nilikuwa nabeba baruti za kupasulia mwamba kabla yeye hajaota meno.

Unaikumbuka ile asubuhi uani kwako. Muuguzi wa zahanati alikuja na mashine yake ya kuzungusha damu, Kitindamimba akafumba macho, Seremala akamtania kwamba sindano ile hata msumari wake wa inchi moja ungeicheka. Vichupa vinne, viwili kwa kila mmoja. Kisha Seremala akanitolea kile kichanja cha mbao alichonitengenezea, cha kusimamishia vichupa, matundu ishirini na manne, yote yamelingana. Alisema mjomba na wewe uwe na kitu chako kwenye hiyo maabara, si kuosha vya wenzio tu. Nilimjibu kwamba matundu mimi nilianza kutoboa zamani. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Nikapanda basi.

Nilirudi, nikaweka vichupa kwenye friza, na Jumatatu nikamwambia Msomi kwamba mzigo umefika. Jumatano akapima. Nilikuwa mlangoni nimebeba ndoo ya vioo. Visima vya Seremala, angavu. Visima vya Kitindamimba, angavu. Mia na mia. Msomi aliweka mikono usoni akakaa chini sakafuni, na koti lake jeupe, akalia kwa sauti. Akasema imeishia kwa wale wawili, hawa wawili wamenusurika, mjomba, hawa ni wazima. Ndipo akakupigia simu, nawe ukapiga vigelegele mpaka mimi nikavisikia kutoka kwenye sikio lake. Baadaye akaitazama sahani tena, akasema ni ajabu damu yao inavyofanana na yangu, kama pacha. Nikamjibu kwamba mtoto hufuata kwa mjomba. Tukacheka wote.

Kulikuwa na chanjo aliyokuwa ameiagiza kwa shida na kuitunza rafu ya pili ya jokofu, ya watu wawili, na majina ya wanao juu yake. Wiki ile ile aliyafuta majina, akawapa watoto wa familia nyingine. Wako hai hao watoto. Sina kinyongo nao.

Mwezi wa saba baada ya hapo Seremala akaumwa kichwa asubuhi. Yaliyofuata uliyaona wewe kuliko mimi, sitakurudisha huko. Nilifika siku ya tatu. Unakumbuka nilivyowapokonya vijana sururu nikakataa mtu mwingine asichimbe. Mgongo huu ambao daktari alisema usiiname tena, uliinama kutwa nzima. Watu walinisifu. Walisema mzee ana upendo huyu, tena tazama pande za kaburi zilivyonyooka, kama zimepigwa timazi. Nilizisikia sifa zile, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikatamani sifa zinipite.

Msomi aliporudi kazini hakuwa yule. Alifungua daftari kwenye ukurasa ule wa mia na mia, akawa anautazama kama mtu anayetazama nyumba yake iliyoungua. Akanieleza kwamba kama Seremala alikuwa na kikosi kamili na bado akafa kama kaka zake, basi yeye Msomi kwenye familia yake mwenyewe alikosea toka mwanzo. Ugonjwa wetu ni mwingine. Labda kasoro iko kwenye vipokezi, vile vikono vya chembe nyeupe. Akaanza upya. Miezi mitatu anawinda vikono, macho yamemzama, anakula amesimama. Nikamuuliza Kitindamimba je, hawezi kuchanjwa tu? Akasema atamchanja kwa lipi, damu yake inasoma mia, chanjo ni chache na wapo wenye sifuri wanaoingoja. Akaniomba damu yangu mbichi, ya kulinganishia vipokezi. Nikatoa mkono. Sindano ikaingia. Nikatazama ukutani.

Halafu Jumanne ya wiki iliyopita ukapiga simu ukasema Kitindamimba anaumwa kichwa tangu asubuhi.

Ilikuwa mafua, jioni alikuwa amekaa anakula, najua. Lakini kati ya asubuhi na jioni, mdogo wangu, nilikaa kwenye banda la kondoo juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Bi Mkubwa akaja mwenyewe bila kuitwa akasimama karibu yangu.

Sasa nakwambia. Kaa chini kama umesimama.

Ile safari ya kutoka kwako sikuja moja kwa moja. Nilishuka njiani, kwenye ule mji wenye njia panda, wanakokaa wenzangu wawili wa zamani wa uchimbaji. Nilitaka wanione. Nilikuwa nimevaa koti la maabara, mdogo wangu, nililivaa kwenye basi makusudi. Tulikaa kwa mmoja wao ukumbini, wakaanza kunitania kwamba nimezeeka nauza barafu. Wakasema sanduku lile ni la mwuza malai. Mimi nikataniwa nikanyamaza? Nikafungua. Nikawaambia hii ndiyo barafu isiyolowesha, leteni beseni la maji mwone kazi ya wasomi. Nikatumbukiza kipande. Moshi mweupe ukapanda, ukamwagika mezani, ukatambaa sakafuni mpaka miguuni mwao, wakapiga makofi kama watoto. Wakasema tena. Nikatia tena. Majirani wakaitwa. Kila aliyeingia alitaka kuona, na kila aliyetaka nilimwonyesha, na sikuwa nahesabu. Nilihesabu sifa tu. Nilipokuja kutazama ndani ya sanduku kilikuwa kimebaki kipande kama cha sabuni, na kufika saa kumi hata hicho hakikuwepo. Nililala pale pale, na kesho yake sanduku likasafiri kutwa chini ya basi, kwenye joto la injini. Nilipofika Jumapili alasiri na kulifungua, vichupa vyote vinne vilikuwa maji, vya moto kama chai.

Maabara ilikuwa tupu, ufunguo ninao. Nilijua nini kimetokea. Nani angejua kuliko mimi? Nilijua pia la kufanya. Lilikuwa jepesi: nimpigie Msomi, nimwambie nimeharibu, muuguzi arudi kwako, Kitindamimba afumbe macho tena, basi. Wiki moja tu ya aibu. Lakini miaka kumi na mitatu sikuwahi kuvunja hata bomba moja la kioo, na hilo nilikuwa nimelisema kwa kila mtu. Na ningemweleza nini mpwa wangu, kwamba damu ya ndugu zake niliichezea kiinimacho? Nikayamwaga maji ya damu ya wanao kwenye sinki la pili, nikafuatisha dawa ya klorini. Nikasuuza vichupa. Nikatoa vichupa vyangu kwenye rafu yangu, nikaviyeyusha kwenye kiganja, nikajaza vya Seremala viwili na vya Kitindamimba viwili, nikavisimamisha kwenye kile kichanja alichonitengenezea, nikavirudisha kwenye baridi. Nilijiambia kwamba hawa ni watoto wa dada yangu, damu ni moja, na watoto wenye afya ile watakosaje kuwa wazima? Nilijiambia hivyo na nikaamini, kwa sababu nilikuwa nimezoea kujiamini.

Kwa hiyo ile mia iliyokupigisha vigelegele ilikuwa yangu. Zote mbili. Damu ya mwanao haikuwahi kupimwa mpaka akaingia ardhini, na chanjo yenye jina lake ilikuwepo jokofuni, ikafutwa jina. Hao wa kale walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi nilificha, na kilio hakikuja kwangu. Kilikuja kwako.

Msibani ulisema hukupaswa kumruhusu Seremala avute lile vumbi la mbao. Si vumbi. Si tumbo lako, si vumbi, si kitu ulichosahau kumpa utotoni. Na binti yako hakukosea. Alikuwa sahihi toka mwanzo, na nikamwacha miezi mitatu anajitafuna.

Nilimwambia Jumatano asubuhi, hapo hapo mbele ya friza. Nilingoja anipige, au walau anitukane. Ningejua la kufanya na matusi. Hakufanya hivyo. Alivuta kiti akafungua daftari. Akauliza barafu iliisha saa ngapi. Nikasema saa kumi. Akaandika. Akauliza nilimwaga sinki lipi. Nikasema la pili. Akaandika. Akauliza vichupa nilivyochukua vilikuwa vya tarehe gani, nikamtajia, akaandika. Akafunika daftari. Kisha akauliza kama siku zote hizi, alipokuwa anahangaika na vipokezi, mimi nilikuwa namwona. Nikasema nilimwona. Akasema basi ulikuwa unanitazama tu. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Akatoa vichupa vyangu vyote, rafu nzima, akavibandika karatasi nyekundu kwamba visitumike. Nikamwambia damu ile si ya uongo, ni mia kweli, mwongo ni mimi. Akanijibu kwamba katika kazi yake hilo halina tofauti. Tangu siku hiyo anatafuta damu nyingine ya kipimo, na ameanza na ya mlinzi wa getini, yule ninayemtaniaga kwamba upepo ukivuma afunge mlango asije akapeperuka. Inasoma vizuri, nasikia.

Ofisini ameshaandika, na mimi nimeshatia dole gumba, ingawa kusaini najua. Mwisho wa wiki narudisha ufunguo. Nimemfundisha mwanamke wa usafi jinsi ya kumwita Bi Mkubwa, na Bi Mkubwa anakwenda kwake vizuri tu, kana kwamba mimi sikuwepo.

Sikuombi msamaha. Ningeuomba ningekuwa nakutwisha mzigo mwingine, wa kunijibu. Ninachoomba ni kidogo. Msomi amekuja na barafu ya kutosha na sanduku amesema atalipakata mwenyewe, hatalitia chini ya basi. Damu ya Kitindamimba ataipima Ijumaa. Jibu atakuambia wewe; mimi hataniambia, na ana haki. Likitoka, mtume mtu yeyote aniletee neno moja, kamili au pungufu, asiongeze salamu. Na hata likiwa kamili, vidonge asiache mpaka Msomi aseme. Msimwamini mtu mwingine kwenye jambo hilo, hata awe mzee, hata awe ndugu, hata ajisifu namna gani.

Kile kichanja cha Seremala Msomi alitaka kukitupa, nikamzuia, nikamwambia kichanja hakina kosa. Amekuja nacho humo ndani ya sanduku. Vichupa vya Kitindamimba visimame humo.

Msalimie muuguzi wa zahanati, mwambie kazi yake ilikuwa safi. Wasalimie majirani walioniletea maji siku ile nikichimba, ila usiwaambie nimewasalimu. Kitindamimba mwambie mjomba wake yupo, anaumwa mgongo kidogo, hawezi kusafiri. Na ukienda kung'oa majani pale kwa Seremala, upande wa kichwani niliacha jiwe moja halijakaa sawa. Nililiona siku ile ile, nikanyamaza kwa sababu watu walikuwa wanasifu. Mtafute fundi alirekebishe.

Ni mimi, kaka yako. Jina langu nimeliandika nje, juu ya bahasha, ili kama hutaki likae ndani ya nyumba yako, uichome bahasha ubaki na barua.